Namba Iliyochongwa Shingoni

Ndugu Mwenyekiti, wakusanyaji wa sanaa, wachongaji wenzangu, mabibi na mabwana. Naomba itifaki ihesabike kuwa imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo muda wangu utaishia hapo hapo.

Nimeombwa nizungumzie sanamu za vichwa. Ni vile vichwa vinavyocheka, vinavyonuna, vinavyokenua meno na kukunja ndita, vinavyotolewa kwa idadi maalumu na kununuliwa na watu kama ninyi. Barua ya mwaliko ilinitaka nigusie pia faida ya kuviweka kama akiba. Nitaigusa kwa kupita. Jambo lililonileta ni ile namba ndogo nyuma ya shingo, ambayo wengi wenu huipapasa hata kabla hamjautazama uso vizuri. Namba ile haimsifii mchongaji kwa lolote. Inasema tu kwamba mtu fulani ameahidi kuwa vichwa vya namna hii vitakuwa vinane, au kumi na viwili, na kwamba cha ziada hakitatokea. Ahadi ni deni, na mdaiwa wa deni hili mara nyingi huwa amekwisha kufa wakati mdai anapokuja kulidai.

Nianze na mtu ambaye hakuhesabu nakala hata siku moja. Franz Xaver Messerschmidt alizaliwa mwaka 1736 kusini mwa Ujerumani, akasomea uchongaji Vienna, akapanda hadi kuchonga sanamu za wakubwa wa kasri ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Alikuwa na kazi na alikuwa na jina. Kuanzia karibu mwaka 1770 mambo yakamgeuka. Mwaka 1774 akanyimwa uprofesa katika chuo cha sanaa, sababu ikitajwa kuwa akili yake haikuwa imetulia. Aliondoka Vienna, na mwaka 1777 akahamia Pressburg, mji unaoitwa Bratislava siku hizi, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1783. Ndani ya karakana yake vilikutwa vichwa 69.

Vichwa hivyo, vingine vya bati lililochanganywa na risasi, vingine vya alabasta, vinatazama mbele wima, bila wigi wala nishani, mabega yamekatwa. Katika karne ambayo sanamu ya mtu ilianza na koti lake, huko kulikuwa kuvuana nguo hadharani. Mwandishi Friedrich Nicolai alimtembelea mwaka 1781 akamkuta kazini. Alisimulia kwamba Messerschmidt alikuwa anajibana mbavu za kulia kwa vidole, anaukunja uso mbele ya kioo, anaganda hivyo kidogo, kisha anarudi kwenye sanamu; baada ya kitambo kifupi anajibana tena. Alimweleza mgeni wake kwamba kuna roho ya uwiano inayomwonea wivu na kumtesa, na kwamba kila uso anaoukamilisha ni njia ya kuishinda.

Habari hiyo ya roho huwavutia watu, na wengi huishia hapo. Mimi huangalia midomo. Katika vichwa vingi midomo imebanwa ndani kabisa, mpaka umebaki mstari tu, na ngozi ya kidevu imepanda juu ikiwa na vishimo vidogo vidogo. Viko viwili ambavyo midomo imevutwa mbele mpaka imekuwa mdomo wa ndege, shingo imenyooka na kano zake zimesimama. Halafu ziangalie ndita: zimepangwa kwa ulinganifu ambao hakuna uso wa binadamu unao. Mkunjo wa kushoto unalingana na wa kulia. Kwa hiyo ukikikaribia kichwa unaona usanifu mtupu, na ukirudi nyuma hatua tatu unaona mtu aliyeshikwa na jambo zito.

Jambo lenyewe ni lipi? Hakuacha maelezo. Majina tunayoyatumia yalitungwa mwaka 1793, miaka kumi baada ya kifo chake, na mtu asiyejulikana, kwa ajili ya maonyesho yaliyofanyika Vienna. Kimoja kikaitwa Mpiga Miayo. Kitazameni siku mkipata nafasi. Mdomo umeachama, ni kweli, lakini macho yamefumbwa kwa nguvu hadi pua imejikunja. Mimi sijamwona mtu anayepiga miayo kwa mateso kiasi hicho. Kwangu huyo analia. Mwingine atasema anapiga chafya, na wala sitamkatalia.

Hapo ndipo ninapoanza kumshauri mtu anayetaka kununua kichwa chake cha kwanza. Uso wenye maana moja huisha haraka. Kichwa kinachocheka tu kitakufurahisha mwezi wa kwanza, mwaka wa pili utakiona kama mgeni asiyejua kuondoka. Chagua kile ambacho wewe na mwenzako mmekibishania mlipokuwa mbele yake. Na msikisome kibandiko kabla ya uso, kwa sababu kibandiko kinaweza kuwa kimeandikwa na mtu wa aina ile ya mwaka 1793.

Wachongaji nao wana lao la kujifunza. Daktari Mfaransa Duchenne alichapisha mwaka 1862 picha za watu ambao misuli ya nyuso zao ilisisimuliwa kwa umeme, msuli mmoja mmoja. Alionyesha kwamba kicheko cha dhati hakikai mdomoni peke yake. Msuli mmoja huinua pembe za midomo, na huo mtu anaweza kuuamuru apendavyo. Mwingine unazunguka jicho, na huo hauamriki kirahisi. Mchongaji akiinua pembe za midomo akausahau ule wa jichoni, kichwa chake kitakenua, hakitacheka. Nimeviona vichwa vingi sana vya kukenua katika majumba ya maonyesho, vikiwa vimepewa majina ya furaha.

Jicho lenyewe ni kazi ya mwezi mzima kwa mtu asiyeharakisha. Udongo, jiwe na shaba havina weusi wa mboni wala weupe wa pembeni. Vina kivuli tu. Jean-Antoine Houdon, Mfaransa aliyeishi kati ya mwaka 1741 na 1828, alilitatua tatizo hilo kwa namna ambayo mpaka leo sijaona nzuri kuizidi. Alitoboa mboni kwenda ndani ili ijae giza, lakini ndani ya lile shimo aliacha kipande kidogo cha jiwe kimening'inia kutoka juu. Kipande hicho hukamata mwanga. Ukiwa mbali unaona jicho lenye unyevu, linalokufuata unapotembea. Ukisogea unaona ni kijiwe tu. Fikirieni hatari yake: patasi ikiteleza mara moja kijiwe kinakatika, na jicho lote linabidi lichimbwe upya zaidi ya kina chake.

Houdon huyo huyo ananipeleka kwenye suala la nakala. Mwaka 1778 mwandishi Mfaransa Voltaire alikaa mbele yake ili achongwe, zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya mwandishi huyo kufa. Uso wa mzee yule, mashavu yamebonyea, mdomo hauna meno, tabasamu la mtu anayejua siri ya mwenye nyumba, ulitakiwa na kila mtu. Houdon akautoa kwa marumaru, bronzi (yaani shaba iliyochanganywa na bati), plasta na udongo wa kuchoma. Mwenye wigi na asiye na wigi. Mwenye vazi na asiye na vazi. Hakuweka kikomo cha idadi. Alichofanya ni kupiga muhuri wa nta wa karakana yake kwenye kazi zilizotoka mikononi mwake. Muhuri ule haukusema ziko ngapi. Ulisema hii imepita kwangu. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya muhuri wa Houdon na namba ya karatasi za leo, nisingefikiri mara mbili.

Sasa ngoja nieleze kwa nini kichwa kinaweza kuwa na ndugu wanaofanana naye, maana kuna wanaodhani kila sanamu ya shaba ni nakala ya kiwandani. Njia ya kale ya nta inayopotea haitoi nakala hata moja. Mchongaji anafinyanga nta, anaifunika kwa udongo, anaichoma, nta inatoka, shaba inaingia mahali pake, kisha udongo unavunjwa. Nta imekwenda na kalibu imekwenda. Vile vichwa vya Ife, nchini Nigeria, ambavyo vingi vyake vilifukuliwa mwaka 1938, vilitengenezwa hivyo katika karne za kati ya ya 12 na ya 15. Vingine ni vya shaba karibu tupu, madini ambayo ni magumu kusubu, yaani kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu, kwa sababu huganda upesi na huvuta hewa ikiwa ya moto. Fundi akikosea hana mahali pa kurudia. Wala vichwa hivyo havikunji uso. Vimetulia kabisa, na utulivu ule unabeba mengi kuliko makunyanzi ya wengi wetu. Navitaja kwa makusudi hapa, ili mchongaji kijana asidhani kwamba uso wenye hisia ni lazima uwe umeachama.

Toleo lenye nakala kadhaa linahitaji hatua moja zaidi: kalibu ya mpira. Kichwa cha udongo kikikamilika hupakwa silikoni, tabaka juu ya tabaka, na nje yake huwekwa ganda gumu la plasta ili silikoni isilegee. Ndani ya kalibu hiyo humiminwa nta iliyoyeyuka, ikazungushwa mpaka ishike ukuta kwa unene wa milimita 4 hadi 6, na iliyobaki ikamwagwa. Ikipoa, mpira huvuliwa taratibu kuanzia masikioni. Masikio ndiyo adui. Nta hung'ang'ania nyuma ya sikio, na ukivuta kwa pupa linabaki kwenye mpira.

Kichwa cha nta kinachotoka hapo si kizima. Kina mshono unaopita utosini hadi kidevuni, mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Kina vipovu kwenye pembe za macho. Kingo za kope zimelegea. Ni lazima mtu akae na kijiko kidogo cha chuma kilichopashwa moto, afute mshono, azibe vipovu, azikate kope upya. Mshono ukipita kwenye mkunjo wa paji la uso, mkunjo ule lazima uchongwe tena kwa mkono, na hautakuwa sawa na wa kichwa cha jana. Hii ndiyo dakika ambayo toleo huwa sanaa au huwa bidhaa. Mchongaji anayeshika kijiko mwenyewe anaamua tena, juu ya kila nta, uso huu unafikiri nini. Anayemwachia fundi na kwenda zake amebaki na namba ya kuandika tu.

Zinazofuata ni hatua za fundi, nitazipitia mbio. Nta huwekewa mirija ya kupitishia shaba na hewa, huchovywa katika uji wa mchanga mwembamba na kukaushwa mara kadhaa mpaka ganda ligumuke, huingizwa tanurini nta ikayeyuka na kutoka, na ganda likiwa la moto humiminiwa bronzi ya nyuzijoto zipatazo 1,100 au zaidi. Ganda huvunjwa, mirija hukatwa, makovu husuguliwa. Mwisho ni rangi. Fundi huupasha uso kwa moto wa gesi na kuupaka dawa kwa brashi: nitrati ya chuma ukitaka hudhurungi yenye wekundu, nitrati ya shaba ukitaka kijani. Sekunde chache za moto zikizidi, kichwa kilichokuwa kinasikitika kinaonekana kina homa.

Ndugu wakusanyaji, mkishaelewa hayo hamtagombania tena namba moja. Kila mara naulizwa kama 1/8 ni bora kuliko 8/8. Katika baadhi ya michoro ya kuchapwa kwa bamba la shaba swali hilo lina mantiki, kwa sababu bamba hulika na za mwanzo hutoka kali zaidi. Katika kichwa cha bronzi, nta za kwanza na za mwisho hutoka kwenye kalibu ile ile ikiwa bado nzima, na mara nyingi namba hupigwa kwa kufuata mauzo, si tarehe ya kusubu. Cha saba kinaweza kuwa na kope zilizokatwa vizuri kuliko vyote. Linganisheni nyuso mkipata vichwa viwili pamoja, namba ziacheni kwanza.

Kuhusu idadi yenyewe, kipimo kinachofuatwa na wengi kimetoka Ufaransa. Huko bronzi huhesabiwa kuwa kazi halisi ikiwa nakala zote hazizidi 12: nane huandikwa kwa tarakimu za kawaida, 1/8 hadi 8/8, na nne za msanii huandikwa kwa tarakimu za Kirumi, I/IV hadi IV/IV. Zinazotoka nje ya hapo lazima ziandikwe wazi kuwa ni za kunakiliwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "viko vinane tu duniani", kwa upole muulize na vile vinne.

Utaratibu huu ni mpya kuliko mnavyofikiri. Mwaka 1909 Picasso alifinyanga kichwa cha mwanamke, Fernande, nyama ya uso imekatwakatwa kuwa mabonde na vilima. Mfanyabiashara Ambroise Vollard akainunua kazi hiyo, akawa anasubisha bronzi kila alipopata mteja, bila kupiga namba wala kutangaza idadi. Karibu nusu karne baadaye likatolewa toleo jingine la nakala tisa zenye namba. Sasa niambieni, kichwa kimoja cha Vollard kisicho na namba, na kimoja kati ya vile tisa vyenye namba, kipi ni halisi? Soko linapenda cha Vollard. Kwa hiyo hata soko, ambalo ndilo lililotuzoesha namba, linajua kuna kitu kinachopita namba.

Mchongaji Constantin Brancusi alienda mbali zaidi. Mwaka 1907 aliingia karakana ya Rodin, mchongaji maarufu wa Ufaransa, mahali ambapo wasaidizi walikuwa wengi na kazi ilipita mikono mingi, akatoka baada ya muda mfupi. Baadaye alipotoa kwa bronzi kile kichwa chake cha muse aliyelala (muse ni mungu wa kike wa sanaa katika hadithi za Wagiriki), alikuwa anasugua kila nakala mwenyewe, moja ikawa kioo kitupu, nyingine akaiacha nywele zikiwa na giza. Ni toleo, lakini hakuna viwili vilivyo sawa. Huo ndio mfano ninaowapa wanafunzi, ingawa najua unakula muda kuliko faida inavyoruhusu.

Kisha kuna vichwa vinavyoniumiza roho kwa sababu navipenda. Honoré Daumier, mchoraji wa vikaragosi, alianza mwaka 1832 kufinyanga vichwa vidogo vya wabunge na watu wazito wa Ufaransa ya wakati ule. Vilivyosalia ni 36. Ni udongo ambao haukuchomwa, umepakwa rangi. Mmoja amelala na shavu limemwagika, mwingine pua imeingia kabla yake mlangoni, mwingine anatabasamu kama dirisha lililofunguliwa nusu. Alivitumia kama msaada wa kuchorea. Udongo mbichi ni kitu dhaifu, na Daumier alifariki mwaka 1879 bila kuvitoa kwa bronzi. Vilisubiwa katika karne ya 20, nakala zaidi ya ishirini kwa kila kichwa. Udongo wenyewe uko katika makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris.

Je, mtu anunue bronzi za Daumier? Mimi ningenunua, lau ningekuwa na uwezo. Ila ningejua ninachonunua: uso ni wa Daumier, toleo ni la watu wengine. Rangi ya shaba hakuichagua yeye. Mishono hakuifuta yeye. Na hakuna mahali alipoahidi kwamba zitakuwa ngapi. Haya yaandikwe kwenye hati, basi hakuna aliyedanganywa.

Udanganyifu uko kwingine. Mtu hununua kichwa halali cha bronzi, akakipaka silikoni, akatoa kalibu juu yake, akasubu vingine. Kwa macho vinafanana. Lakini bronzi ikipoa hunywea, kwa kiasi cha asilimia moja na nusu hadi mbili. Kichwa cha sentimita 30 kilichozaliwa na kichwa kingine cha shaba, badala ya udongo au plasta ya awali, kitakuwa kifupi kwa karibu nusu sentimita. Ndiyo maana ninawasihi wachongaji waandike vipimo kamili kwenye hati, angalau umbali wa sikio hadi sikio na wa kidevu hadi utosi. Sahihi inaigizwa kwa urahisi, milimita zinakataa. Angalieni pia ndani, kwenye uwazi wa shingo. Mwigaji hushughulika na uso, kule ndani huwa na haraka.

Wataalamu nao hawana kinga. Mwaka 1984 mji wa Livorno, Italia, alikozaliwa mchoraji na mchongaji Amedeo Modigliani, ulikuwa unaadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwake. Kulikuwa na hadithi ya siku nyingi kwamba aliwahi kutupa vichwa vya mawe ndani ya mfereji wa mji baada ya marafiki kumcheka. Mfereji ukachimbwa. Vikatoka vichwa vitatu. Wataalamu wa sanaa wakavithibitisha, magazeti yakashangilia. Baadaye wanafunzi watatu wakajitokeza wakasema kimoja ni chao, walikichonga kwa utani wakitumia mashine ya umeme ya kutobolea, wakaonyesha picha zao wakiwa kazini, na kwenye televisheni wakachonga kingine watu wote wakiona. Vile viwili vilikuwa vya msanii mmoja wa mji huo huo, Angelo Froglia. Mimi sicheki sana ninapoisimulia. Watu walikuwa wanasubiri mfereji utoe vichwa, na ukatoa. Mkusanyaji aliyekwisha kuamua anachotaka kukikuta ni mteja mzuri mno.

Niseme na la vifaa vya siku hizi, kwa sababu vijana wengi mlioko hapa hamsubu shaba. Resini, ile plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, ikichanganywa na unga wa bronzi si aibu, mradi isiuzwe kama bronzi. Ni nyepesi, inashika mikunjo midogo vizuri, na inapatikana kwa mtu ambaye shaba hataiweza. Tatizo lake ni kwamba dawa zake hula silikoni, na baada ya makumi kadhaa ya nakala kope huanza kuwa butu. Kwa hiyo toleo la resini la nakala mia moja linahitaji kalibu mpya njiani, na hilo mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Uskani wa kompyuta umeleta mchezo mwingine ambao siupendi. Kichwa kikishaskaniwa unaweza kukitoa kwa ukubwa wowote. Basi kinatangazwa kichwa kikubwa, nane tu. Kisha cha kati, nane tu. Kisha cha mezani, nane tu. Kila kimoja kwa bronzi, kwa resini na kwa porselini. Ukijumlisha ni vichwa 72 vya uso mmoja, na kila mnunuzi analala akijua yuko kwenye kundi la watu wanane. Kisheria pengine hakuna kosa. Kwangu mimi ahadi imekwisha kuvunjwa siku ilipotolewa. Ulizeni swali moja tu kabla ya kulipa: uso huu umetoka, na utatoka, kwa jumla mara ngapi, kwa ukubwa wote na kwa vifaa vyote? Jibu liandikwe na litiwe sahihi. Muuzaji anayekwepa swali hilo amekujibu.

Nimesema ningegusa akiba. Mwaka 2010 kichwa cha bronzi cha mchongaji Alberto Giacometti, kile chembamba kinachotokana na uso wa ndugu yake Diego, kiliuzwa New York kwa dola milioni 53.3, na kina ndugu zake wa toleo hilo hilo kwingineko. Kwa hiyo kuwa na ndugu hakuui bei. Lakini Giacometti ni mmoja, na Diego huyo huyo ndiye aliyekuwa karakanani akishughulikia rangi za bronzi za kaka yake. Anayenunua kichwa akitegemea kwamba mchongaji wake atakuwa Giacometti, basi na anunue kichwa anachoweza kuishi nacho hata isipotokea. Nimemaliza habari ya akiba.

La mwisho ni la wachongaji. Kuna desturi ya kuikata kalibu mbele ya wageni toleo likiisha, kwa kisu, watu wakipiga makofi. Nami nimewahi kuifanya. Siku hizi naona ni tamasha tu, maana faili la skani linabaki kwenye kompyuta na halisikii kisu. Kinacholinda toleo ni daftari. Kila nta iandikwe: ilimiminwa lini, nani aliifuta mishono, ilisubiwa wapi, rangi gani, ilikwenda kwa nani. Zilizoharibika nazo ziandikwe, na shaba yake irudishwe kwenye chungu. Daftari liwe na nakala kwa mtu ambaye hafaidiki na mauzo.

Na liseme itakuwaje ukifa katikati ya toleo. Umeahidi vinane, vimetoka vitano, umekwenda. Warithi wana haki ya vitatu? Wachongaji wengi wazuri wanakubali, ikiwa tarehe itapigwa wazi kwenye shaba, na sioni dhambi ndani yake. Mimi nimeandika kwamba vyangu visisubiwe. Vitakavyokuwa havijatoka siku hiyo vibaki havijatoka, na nafasi zake daftarini ziachwe tupu. Mwanangu, ambaye yuko safu ya pili na ameshaanza kutikisa kichwa, anaona huko ni kuwapokonya wajukuu wangu urithi wao. Tunabishana bado. Karibuni maswali, na yeye asipewe la kwanza.